Vipimo Safi, Mwili Unauma

Kuna wagonjwa ambao majibu mazuri ya maabara huwavunja moyo. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Sukari iko sawa, figo ziko sawa, picha ya mgongo haioneshi kitu. Aliyemsindikiza hushukuru Mungu. Mwenyewe hukunja karatasi na kunyamaza, kwa sababu anajua usiku huohuo mabega, nyonga na mapaja vitamuuma kama jana, na sasa hana hata jina la ugonjwa la kumtajia mume wake au bosi wake. Atalala na kuamka amechoka kuliko alipopanda kitandani. Rafiki akimshika begani kwa salamu, ataumia. Akitafuta neno la kawaida katikati ya mazungumzo, halimjii. Hali hiyo ikidumu miezi kadhaa na kugusa sehemu nyingi za mwili, huenda ina jina: fibromayalgia.

Kinanira ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mtaa huo uko kusini mwa Bujumbura, Burundi, jirani na Musaga na Kinindo. Si mtaa wa mafukara wala wa matajiri wa kupindukia. Wengi wa wakazi wake, watumishi wa ofisi, walimu, wafanyabiashara wa kadiri, wanaweza kulipia kipimo cha damu lakini hawawezi kupanda ndege kwenda Nairobi au India kutafuta bingwa. Kwa hiyo hupima, na hupima tena. Ni watu pia ambao wamesikia risasi karibu na nyumba zao zaidi ya mara moja, na ambao leo wanaamka wakiwaza mafuta ya gari, nauli na bei ya maharage. Wakiambiwa "ni stresi tu, mama", wanaambiwa jambo lenye ukweli ndani yake. Hata hivyo ninashikilia kwamba jibu hilo, kama linavyotolewa, ni uvivu wa kitabibu, na katika mji kama Bujumbura ni namna ya kumdai mgonjwa deni ambalo hakulikopa yeye.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wapo wanaodhani ni mtindo mpya wa wazungu. Mwaka 1904 tabibu Mwingereza, William Gowers, alieleza maumivu ya aina hii akidhani chanzo ni uvimbe katika nyuzi za misuli. Waliotazama baadaye kwa hadubini hawakuuona uvimbe huo. Mwaka 1976 Mmarekani Philip Hench akapendekeza jina la fibromayalgia, ambalo halidai kwamba pana uvimbe. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kikaweka vigezo: pointi 18 za kubonyezwa mwilini, na mgonjwa aumie katika 11 au zaidi. Madaktari wengi hawakupenda kubonyeza, na waliobonyeza hawakubonyeza kwa nguvu sawa, hivyo mwaka 2010 pointi hizo zikawekwa kando. Vigezo vilivyorekebishwa mwaka 2016 vinauliza mambo ya kawaida kabisa: je, maumivu yako katika angalau maeneo 4 kati ya 5 ya mwili? Yamedumu miezi 3? Uchovu, usingizi usioburudisha na ukungu wa kichwani vina uzito gani? Kuna kifungu kimoja ambacho hata madaktari husahau: kuwa na ugonjwa mwingine hakuondoi fibromayalgia. Mtu anaweza kuwa na VVU, au baridi yabisi ya kweli yenye viungo vilivyovimba, na akawa nayo pia.

Makadirio ya kawaida duniani ni watu 2 hadi 4 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, ingawa pengo hilo hupungua vigezo vipya vikitumika. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeiweka chini ya maumivu sugu ya msingi, yaani maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa. Sioni sababu ya kudhani Burundi iko nje ya hesabu hiyo.

Ushahidi kwamba maumivu haya si ya kubuni ulipata nguvu mwaka 2002, pale watafiti Richard Gracely, Daniel Clauw na wenzao walipowaweka wagonjwa na watu wazima wenye afya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawabonyeza kucha ya kidole gumba kwa mashine ndogo. Wagonjwa walihitaji shinikizo linalozidi kidogo tu nusu ya lile la wenzao ili kufikia kiwango kilekile cha maumivu, na ubongo wao ulionesha hivyo, katika maeneo yaleyale ambayo huamka mtu mwingine yeyote anapoumia. Karibu miaka 20 kabla yake, mwaka 1983, Clifford Woolf alikuwa ameonesha kwa panya kwamba uti wa mgongo ukishapokea ishara nyingi za maumivu huweza kubaki umewaka hata chanzo kikiondoka. Yaani kuna ugonjwa ambao kidonda chake hakiko kwenye goti wala mgongoni, kiko katika namna neva zinavyopokea habari kutoka kwenye goti na mgongo. Picha ya eksirei haiwezi kuuona. Kwa hiyo majibu ya "hakuna kitu" yana maana moja tu: hakuna kitu katika yale tuliyoyapima.

Sasa tazama njia anayopita mgonjwa wa Bujumbura. Kituo cha kwanza ni malaria, na si kosa la mtu. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa uliripoti visa zaidi ya milioni 5 vya malaria Burundi kufikia katikati ya mwaka, katika nchi ya watu takriban milioni 11. Mahali pa namna hiyo, mwili ukiuma na kichwa kikiwa kizito, anayeanza kwa kuwaza malaria ana akili timamu. Tatizo huanza kipimo kinaposema hapana na dawa ikatolewa vilevile. Kituo cha pili ni taifodi, mara nyingi kwa kipimo cha Widal, ambacho hakitafuti kijidudu bali kingamwili, na kwa hiyo kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyepata maambukizi zamani na sasa hana chochote. Kituo cha tatu ni amiba. Cha nne ni baridi yabisi, au rubagimpande kwa Warundi, na hapo huja sindano za diklofenaki, wakati mwingine na za steroidi. Dawa hizo hutuliza uvimbe. Fibromayalgia haina uvimbe wa kutulizwa.

Hapa pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Fibromayalgia hupanda na kushuka. Kuna wiki mbaya za kutoweza kuinua sufuria, na kuna wiki za afadhali, bila dawa yoyote. Mgonjwa huenda kutafuta msaada akiwa amezidiwa kabisa. Baada ya hapo, kwa mwendo wa ugonjwa wenyewe, siku zinazofuata huelekea kuwa nafuu. Aliyemeza dawa ya malaria ataisifu dawa ya malaria. Aliyechomwa sindano ataisifu sindano. Aliyeenda chumba cha maombi atatoa ushuhuda, na aliyekwenda kwa mganga wa kuondoa sumu, maana Bujumbura hofu ya kulishwa sumu haijatoka vichwani mwa watu, atarudi akiamini jirani ndiye mbaya wake. Wote hao wameona nafuu ya kweli, na wote wameipa sifa isiyostahili. Wiki mbaya ikirudi, imani hugeuka: malaria imekuwa sugu, jirani amerudia, Mungu anajaribu. Mgonjwa hutumia miaka katika mzunguko huo, pesa zikienda, na uhusiano na jirani ukienda pia. Mimi huhesabu ule ugomvi na jirani kuwa sehemu ya gharama ya ugonjwa huu kutokuwa na jina.

Baada ya vituo vyote hivyo ndipo daktari mwenye foleni ndefu mlangoni husema ni stresi. Tumchukulie kwa uzito. Msongo hufanya nini mwilini?

Walter Cannon wa Harvard aliandika mwaka 1915 kuhusu mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, damu inahama tumboni kwenda kwenye misuli, sukari inamwagwa kwenye damu, misuli inakaza. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alionesha kwamba panya waliopewa mateso ya aina tofauti, baridi, majeraha, sumu, walipata madhara yaleyale: tezi za juu ya figo zilivimba, tumbo likapata vidonda. Leo tunajua mlolongo wake vizuri zaidi. Ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi ndogo chini yake, hiyo nayo hutuma kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kortisoli hutoka. Adrenalini huwa imeshatangulia kwa sekunde. Kwa hatari ya dakika kumi, mpango huu ni wa ajabu kwa uzuri wake. Bruce McEwen, aliyeandika mwaka 1993 na mwenzake Eliot Stellar, alishughulikia swali la pili: itakuwaje hatari isipokwisha? Jibu lake ni kwamba mwili hulipa. Shinikizo la damu hupanda na kukaa juu, usingizi hukatika, tumbo hukorofishana na chakula, misuli ya shingo na mabega husahau kulegea, na mfumo wa kinga huchanganyikiwa.

Mfikirie mlinzi wa usiku kwenye geti ambaye nyumba yake iliwahi kuvamiwa. Kabla ya uvamizi alimjua paka kuwa paka. Baada yake, kila jani likianguka anawasha tochi na kuamsha nyumba nzima. Si mwongo wala mwoga. Amefunzwa na tukio la kweli kwamba kuchelewa ni hatari. Neva za mgonjwa wa fibromayalgia ziko hivyo, na kumwambia mlinzi huyo "tulia, hakuna mwizi" hakumtulizi.

Kinanira na mitaa ya jirani yake imepewa mafunzo ya kutosha. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata viliua watu wapatao 300,000 nchini. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi Agosti 2000, lakini Julai 2003 waasi wa FNL walishambulia mitaa ya kusini ya mji na maelfu ya watu wakakimbia nyumba zao. Aprili 2015, baada ya chama tawala kumtangaza Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Musaga ikawa moja ya ngome za maandamano. Mei 13 kukawa na jaribio la mapinduzi. Desemba 11 chuo cha maofisa wa jeshi, ISCAM, kilicho Musaga, kikashambuliwa, na siku hiyo na iliyofuata maiti zikaokotwa mitaani. Zaidi ya watu 400,000 waliikimbia nchi katika mgogoro huo. Mwanamke wa Kinanira mwenye miaka 45 leo alikuwa msichana mdogo mwaka 1993, mwenye miaka ishirini na kitu mwaka 2003, na pengine mama wa watoto mwaka 2015, akiwalaza sakafuni mbali na madirisha.

Mnamo 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, Toronto, walichukua vijana wenye afya na kuwaharibia usingizi ule mzito kwa kelele, bila kuwaamsha kabisa, usiku baada ya usiku. Vijana hao walianza kuumwa misuli na kuchoka kwa namna iliyofanana sana na ya wagonjwa. Ninapousoma utafiti ule nawaza miezi ya 2015 huko kusini mwa mji: kulala bila kulala, sikio likiwa dirishani. Maabara ya Toronto ilitumia spika. Musaga na Kinanira walipata kelele za bunduki, na hakuna aliyewaomba idhini.

Kuna ushahidi wa moja kwa moja zaidi. Watafiti wa Israeli walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa wanaume waliobaki na kiwewe baada ya vita au matukio mengine mabaya. Asilimia 49 kati yao walitimiza vigezo vya fibromayalgia. Kwa wanaume wenye sonona bila kiwewe ilikuwa asilimia 5, na kwa wasio na ugonjwa wowote hakuna hata mmoja. Hao ni wanaume. Taarifa hiyo inafaa kuwafikia wale wanaodhani maumivu ya mwili mzima ni malalamiko ya akina mama. Burundi ilianza kupeleka wanajeshi Somalia Desemba 2007, na huenda wapo waliorudi nyumbani na migongo inayouma ambayo hawaisemi, kwa sababu askari anayelalamika mgongo huonekana anatafuta likizo.

Je, basi hesabu imekamilika, vita vimeleta fibromayalgia? Hapana, na hapa ndipo wengi hukimbilia haraka mno. Kwa bahati watafiti wa eneo la New York walikuwa wamewahoji wanawake kuhusu maumivu ya aina hii kabla ya Septemba 11, 2001. Waliporudi kuwahoji miezi sita baada ya mashambulizi, maumivu hayakuwa yameongezeka. Mji mzima ulitikisika, lakini fibromayalgia haikupanda. Pili, ugonjwa huu hufuata damu: ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa mara kadhaa kuliko watu wengine. Tatu, mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani na Marekani, wakipima vipande vya ngozi, waliona kwamba kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, karibu nusu, nyuzi nyembamba za neva ngozini zimepungua. Nne, mwaka 2021 timu ya Uingereza na Sweden ilichukua kingamwili kutoka damu ya wagonjwa na kuwachoma panya. Panya wakaanza kuumia kwa kubonyezwa kidogo, wakapungukiwa na nguvu, na baada ya wiki chache kingamwili zilipoisha wakapona. Panya hao hawakuwa na mawazo ya nauli. Hata kortisoli yenyewe haikubali hadithi rahisi: kwa wagonjwa wengi haiko juu kama unavyotarajia, na katika tafiti kadhaa iko chini, kama ya mtu aliyeitumia kwa muda mrefu mno.

Kwa hiyo ninavyousoma ushahidi, msongo ni mmoja wa waliokaa mezani, na mara nyingi ndiye anayepaza sauti, lakini hakuijenga nyumba peke yake. Huchochea ugonjwa kwa mtu aliyekwisha kuwa na mwelekeo nao. Hufanya wiki mbaya iwe mbaya zaidi. Huharibu usingizi, na usingizi ulioharibika huongeza maumivu, na maumivu huleta msongo mpya. Daktari akisema "stresi inakuzidishia ugonjwa wako wa neva", amesema kweli. Akisema "huna kitu, ni mawazo", amekosea, na amemrudisha mgonjwa kwa mganga.

Nyumbani nako kuna hukumu. Mwanamke asiyeweza kufua leo na aliyefua juzi huitwa mvivu na mama mkwe, maana ugonjwa unaokuja na kuondoka huonekana kama hila. Wapo waume ambao huamini tu kilichoandikwa na daktari kwenye karatasi, na karatasi imeandikwa "sawa". Sidhani wengi wao ni wakatili. Wamezoea ugonjwa unaolaza mtu kitandani, si huu unaomwacha akitembea.

Tukija kwenye tiba, kuna habari ambazo Bujumbura ingeweza kuzifurahia kuliko miji mingi. Mwaka 2017 chama cha Ulaya cha madaktari wa baridi yabisi kilipitia ushahidi wote na kutoa mapendekezo yake. Katika dawa, matibabu ya kuongea, kukandwa, sindano na mengineyo, jambo moja tu lilipewa pendekezo la nguvu: mazoezi ya mwili. Si mazoezi ya kujiua. Ni kuanza kidogo mno, dakika tano za kutembea kwa aliyelala wiki nzima, na kuongeza polepole, kwa sababu anayejilazimisha siku aliyoamka vizuri hulipa siku tatu kitandani. Tai chi ya Wachina imejaribiwa Marekani na kusaidia. Mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu pia, ingawa anayewaza Ziwa Tanganyika akumbuke kuwa viboko nao hupenda maji hayo.

Na Bujumbura ni mji wa mbio. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili makundi yamekuwa yakikimbia barabarani, wakiimba na kupiga makofi, wazee kwa vijana, wanene kwa wembamba, wengine wakikwea vilima vya mashariki. Ni desturi ya miaka mingi, na kwa watu waliotoka vitani ilikuwa pia njia ya kuwa pamoja bila kulazimika kuongea. Machi 8, 2014 wafuasi wa chama cha upinzani MSD waliokuwa katika mbio kama hizo waligongana na polisi. 21 kati yao wakahukumiwa kifungo cha maisha mwezi huohuo, na serikali ikapiga marufuku mbio za makundi nje ya viwanja vilivyotengwa. Sizungumzii siasa za MSD. Nasema kwamba tiba yenye ushahidi mzito kuliko zote dhidi ya ugonjwa huu ilikuwa inapatikana bure barabarani, na ikafika siku ikawa inahitaji ruhusa. Mjadala wa maumivu sugu unaoishia hospitali hauwezi kuona jambo hilo.

Dawa zina nafasi yake, ndogo kuliko watu wanavyotaka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwanza tatu kwa ajili ya fibromayalgia: pregabalini mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008, na milnasiprani mwaka 2009. Ile ya Ulaya ilizitazama hizo tatu na kukataa, ikiona faida ni ndogo mno. Iliyo ya zamani, amitriptilini, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ni ya bei nafuu. Kwa kipimo kidogo cha usiku, kilicho chini sana ya kile cha kutibia sonona, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulala na kupunguza maumivu. Ni ya kuandikiwa na daktari, maana ina madhara kwa wenye matatizo ya moyo na haipatani na dawa kadhaa. Tramadoli inayouzwa kama pipi, na dawa nyingine za jamii ya afyuni, hazifai kuwa njia ya kila siku. Na sindano za diklofenaki za kila mwezi, licha ya kutogusa chanzo, huchosha figo na tumbo.

Kuongea nako ni tiba, lakini kuna kikwazo cha mlango. Kituo cha magonjwa ya neva na akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kinajulikana na kila mtu Bujumbura, na jina la Kamenge likitajwa katika ugonjwa, watu husikia wazimu. Mama wa Kinanira mwenye mabega yanayouma hatakubali kuonekana huko, na sitamlaumu. Ndiyo maana navutiwa zaidi na njia zisizopita getini. Zimbabwe, kwa uongozi wa Dixon Chibanda, wamewafunza bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha dalili za sonona na wasiwasi kupungua sana. Burundi kwenyewe, shirika la THARS la mchungaji wa Kiquaker David Niyonzima limekuwa likikusanya watu walioumizwa na vita wazungumze pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Juhudi hizo hazikulenga fibromayalgia. Zinalenga ule upande wa msongo unaouchochea, na hazimwiti mtu mgonjwa wa akili ili aweze kuingia.

Narudi kwenye lile neno, "punguza stresi". Lina watu wa kuambiwa. Aliyejitwisha kazi tatu anazoweza kuziacha aambiwe. Lakini tangu 2021 Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta unaorudi na kuzidi, na mwaka 2024 foleni kwenye vituo zilikuwa za siku nzima na zaidi. Mabasi yalipotea barabarani, na watu walitembea kwa miguu kutoka katikati ya mji hadi mitaa ya kusini jioni. Mtu mwenye neva zilizowaka, anayelala vibaya, anatembea kilomita kadhaa baada ya kazi si kama zoezi la kujipangia bali kwa sababu hakuna basi, anafika nyumbani umeme umekatika, kisha anaambiwa chanzo cha ugonjwa wake kiko ndani ya fikra zake. Huko ni kuhamisha lawama. Usingizi unahitaji usiku usio na risasi. Mazoezi yanahitaji barabara unayoruhusiwa kukimbilia na mwili ambao haujatumika wote kwenye foleni. Haya ni mambo ya umma. Daktari hawezi kuyaandika kwenye cheti, lakini anaweza kuacha kumtoza mgonjwa kwa ajili yake.

Kwa madaktari na wauguzi wa zahanati ombi langu ni dogo: maumivu yakienea mwilini kwa zaidi ya miezi mitatu, fanyeni vipimo vya msingi mara moja, vya damu, tezi ya shingo, VVU na uvimbe wa viungo, halafu simamisheni mzunguko na kulitaja jina. Kwa msomaji anayejiona katika makala hii: usiridhike na jina hilo kabla ya kuchunguzwa. Kiungo kilichovimba na kuwa na joto, homa isiyoisha, kupungua uzito bila sababu, mguu au mkono uliopoteza nguvu, au maumivu yaliyoanza ghafla baada ya umri wa miaka 50, si dalili za fibromayalgia, na zinahitaji hospitali mapema. Zikiwa hazipo, mwombe daktari wako akueleze fibromayalgia na amitriptilini, uanze kwa dakika tano za kutembea, na upeleke karatasi hii kwa mume au mama mkwe akaisome mwenyewe.